Sisi Tuliotoka Jela

Siku niliyotoka jela, mume wangu alikuwa amesimama nje ya lango na fimbo mkononi. Nilimwona kabla hajaniona. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba hung'ata masikio, na yeye alikuwa amejitanda blanketi la kijivu la mgodini, ameegemea fimbo yake, kwa sababu goti lake la kulia halikupona vizuri. Goti hilo nililivunja mimi kwa mchi wa kutwangia, na ndilo lililonipeleka ndani.

Alikuwa mchimba dhahabu kule Makongolosi. Akipata alikunywa, akikosa alikunywa, na akinywa alinipiga. Alinipiga kwa mkanda, kwa buti, kwa ubao wa kitanda. Siku nilipomvunja goti alikuwa amenishika nywele ananiburuta kuelekea mafigani, sufuria ikichemka, nami mkono wangu ukagusa mchi. Nikampiga. Akaanguka, nikampiga tena. Mahakamani hakimu aliniuliza kwa nini nilimpiga tena alipokuwa chini. Nikamjibu kwamba alikuwa bado hajaziachia nywele zangu. Mkalimani akatafsiri, watu wakacheka, nikafungwa.

Basi asubuhi ile nikasimama ndani ya lango, kigunia changu kwapani, nikafikiri kumwomba askari anirudishe. Wala sisemi kwa utani. Ndani nilikuwa napiga deki, napalilia mboga, nalala bila kupigwa. Lakini askari alikuwa amekwisha kufungua komeo.

"Toka mama, lango linaingiza baridi."

Nikatoka. Hapo ndipo nilipoona kwamba mume wangu hakuwa peke yake anayenisubiri. Upande wa pili wa njia walikuwapo wanaume wawili nisiowajua. Mmoja alikuwa mfupi, mtu wa makamo, amevaa kanzu na koti kuukuu juu yake, kofia ya kitambaa kichwani, birika la uji mkononi. Mwenzake alikuwa mrefu kama mlingoti, ndani ya koti la jeshi lililokatika vifungo.

Yule mfupi akanijia. "Dada, pole na ya huko. Sisi tumekuja kukupokea."

"Mmenifananisha," nilimwambia.

"Hatukukufananisha. Na sisi tulitoka humo humo."

Sikupata nafasi ya kumuuliza zaidi. Fimbo ilinishukia sikioni. Nilisikia mlio kama wa nyuki, halafu nikaona udongo karibu na uso wangu. Mume wangu alikuwa anapiga huku anahema. Yule mfupi akajitia katikati yetu.

"Bwana, serikali imekwisha kumwadhibu. Inatosha."

Akapigwa naye. Kofia ikaruka, uji ukamwagika njiani ukitoa moshi. Hapo yule mrefu akaishika ile fimbo hewani, akaivunja kwenye paja lake, kisha akampiga mume wangu kichwa cha uso. Nilisikia mfupa wa pua ukivunjika. Mume wangu akakaa chini taratibu, damu ikamjaa ndevuni.

Yule mfupi aliokota kofia yake, akaipangusa, halafu akageuka kwa ukali. Nilidhani anamgeukia mume wangu, kumbe anamgombeza mwenzake.

"Nimekuambia mara ngapi? Hatupigi mtu mbele ya lango hili!"

"Basi, Fundi, tungemvuta kule kwenye mfereji," alijibu yule mrefu.

Nilicheka. Sikio linavuja damu, mdomo una udongo, nami nacheka. Ndivyo nilivyokutana nao.

Fundi alikuwa mshonaji wa nguo mjini Mbeya, Mwislamu, wazee wake walikuja bara na misafara kutoka pwani. Alikuwa na cherehani ya mkono kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja. Ujanani alimchoma mtu kwa mkasi katika ugomvi wa karata, mtu akafa, naye akafungwa kwa miaka mingi. Alikuwa akikuambia hayo siku ya kwanza kabisa, kabla hujayasikia kwa wengine. Yule mrefu tulimwita Koplo. Alikuwa Mhehe, Mkatoliki, aliyepigana vita vya Burma, akarudi na kelele kichwani. Alifungwa kwa kumvunja taya msimamizi wa shamba la pareto. Walikutana ndani, wakaahidiana kwamba atakayetangulia kutoka atamsubiri mwenzake langoni. Baadaye wakaona si vizuri kusubiriana wao tu, wakaanza kuwasubiri na wengine.

Hakikuwa chama cha kuandikishwa. Wakubwa wa serikali bomani walituita mara moja kutuuliza kama ni siasa, Fundi akawaambia ni uji, wakatuacha. Tulikuwa tunapeleka sabuni na tumbaku siku za kutazama wafungwa, tunapeleka habari za nyumbani, tunamsubiri anayetoka, na kabla hajatoka tunakwenda kwao kuuliza kama mlango uko wazi. Sharti lilikuwa moja: anayetaka kusema katika kikao chetu awe amewahi kulala kwenye mkeka wa jela. Wachungaji na mashehe walitusaidia, na tuliwashukuru, lakini kikaoni walikaa wakasikiliza.

Mimi nilikaa uani kwa Fundi, kwa mkewe, nikawa mtu wa kupika uji ule. Mume wangu alirudi Makongolosi. Alikufa huko, shimo lilimporomokea. Niliambiwa nikiwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua.

Sasa nieleze habari ya Mpasua Mbao, maana ndiyo iliyotugawa.

Alikuwa mtu wa milimani, mbele ya Nyololo, kazi yake kupasua mbao msituni kwa msumeno wa watu wawili. Siku moja kwenye kilabu cha ulanzi, pombe ile ya mianzi, waligombana na mwenzake wa msumeno. Akampiga ngumi moja, mwenzake akaangukia jiwe, basi. Alifungwa kwa kuua bila kukusudia. Alikuwa mtu wa mabega mapana na sauti ndogo. Kila tulipokwenda kumtazama aliuliza neno hilo hilo.

"Kwetu wanasemaje?"

Kwa hiyo kabla hajatoka, Fundi na Koplo walisafiri hadi kijijini kwao. Walianza kwa mama wa marehemu, kwa sababu huko ndiko tulikokuogopa. Yule mama aliwasikiliza akimenya viazi, akasema, "Asipite mbele ya mlango wangu. Mengine sina." Halafu wakaenda kwa kaka wa Mpasua Mbao, mkubwa wake, aliyebaki na boma la baba yao. Huyo aliwapokea kwa vicheko. Aliwakaribisha ulanzi, Fundi akakataa, Koplo akanywa. "Mleteni," akasema, "ni damu yangu, nitaikataaje?"

Walirudi wamefurahi. Hakuna aliyefikiri kuuliza kwa nini mke wa Mpasua Mbao hakutoka nje kuwasalimu.

Alipotoka tukamsindikiza watatu, Fundi, Koplo na mimi. Ilikuwa masika. Basi lilitutelemsha Nyololo, nasi tukapanda milima kwa miguu, ukungu umefunga hata huoni ng'ombe anayekohoa kando yako. Mpasua Mbao alitangulia. Tulipokaribia nyumba ya mama wa marehemu aliacha njia, akazunguka kwa nyuma kupitia kwenye matope ya magoti, kama alivyoagizwa. Sisi tulimfuata. Mimi nilitoka na kiatu kimoja.

Uani kwa kaka yake palikuwa na moshi na kuku waliolowa. Mwanamke mmoja alikuwa anatwanga mahindi kwenye kinu, mtoto mgongoni. Alipomwona Mpasua Mbao aliacha mchi ndani ya kinu, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mtoto yule alikuwa bado ananyonya. Hata asiyejua hesabu alielewa kwamba si wa mtu aliyekuwa jela muda wote ule.

Kaka yake akatoka ndani. Alikuwa amekwisha kunywa, macho mekundu, lakini anatabasamu.

"Kamwene, mdogo wangu! Kamwene! Karibuni, wageni."

Mpasua Mbao hakuitikia salamu. Alimtazama mwanamke, akamtazama mtoto. Kisha akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Shamba la bondeni nani analima?"

"Nalima mimi. Ungelima wewe ukiwa wapi?"

"Sawa," alisema Mpasua Mbao. "Na huyu mke wangu?"

"Mke wa nani?" Tabasamu likaondoka. "Ulikufa wewe. Tulikulilia hapa. Unataka maiti irudi ichukue mke na shamba? Mimi ndiye niliyemlisha mama yako mpaka akafa. Mimi ndiye niliyetukanwa kilabuni kila siku, kaka wa muuaji, kaka wa muuaji! Ulikuwa wapi?"

Fundi akainua mikono. "Tukae, ndugu zangu. Haya ni mambo ya kukaa na kuzungumza."

Hatukukaa. Kaka yake alirudi ndani, nikadhani amekwenda kuleta kigoda. Alitoka na panga. Hakupiga kelele wala hakutisha, alikuja moja kwa moja kama mtu anayekwenda kukata mgomba, akalenga shingo ya mdogo wake. Mpasua Mbao alikuwa amesimama mikono imening'inia. Hakuinua hata mmoja. Mpaka leo naamini alitaka kukatwa.

Fundi ndiye aliyeinua mkono wake. Panga lilimpata juu kidogo ya kifundo. Sauti yake nilikuwa naijua, ni ile ya kukata mfupa wa ng'ombe buchani, na kwa muda sikuelewa inatoka wapi. Halafu damu ikaruka hadi kwenye uso wa mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama yake, na mtoto ndiye aliyelia wa kwanza.

Nilivua kanga yangu nikaufunga mkono ule, nikakaza kwa meno. Kiganja kilikuwa kinashikwa na ngozi tu. Fundi alikuwa amekaa kwenye matope, kanzu yote nyekundu, uso wa rangi ya majivu, anatazama kitu nyuma yangu na kupaza sauti, "Mwache! Mwache, Koplo, utamuua!"

Nikageuka. Koplo alikuwa juu ya yule kaka. Panga lilikuwa limetupwa mbali, hakulihitaji. Alikuwa anampiga uso kwa ngumi, kulia, kushoto, bila haraka, na meno yalikuwa yanatoka na mate mekundu. Halafu akamshika koo. Miguu ya yule mtu ilichimba udongo ikaanza kupoa. Niliita jina la Koplo, nikamvuta koti, nikamng'ata bega. Hakuwa pale. Alikuwa Burma, au popote alipokuwa anakwenda kichwa chake kilipojaa kelele.

Mchi ulikuwa kwenye kinu. Niliuchomoa, unga ukanimwagikia, nikampiga Koplo mgongoni kwa nguvu zangu zote. Yule mtu aliyenivunjia fimbo ya mume wangu, niliyempenda kama kaka wa tumbo moja. Nilimpiga mara ya pili kwenye bega, nikasikia kitu kimeachia. Akaanguka ubavu, akanitazama kama mtoto aliyeamshwa ghafla.

"Dada, unanipiga mimi?"

"Nakupiga wewe," nilisema.

Majirani walikuja kwa kelele za mtoto. Mama wa marehemu alikuwa miongoni mwao. Nilimjua kwa jinsi Mpasua Mbao alivyomficha uso. Aliangalia ua wote ule, damu, watu watatu chini, mwanamke na mtoto wake ukutani. Kisha akaenda jikoni kwa watu kana kwamba ni kwake, akatoka na maji ya moto na kitambaa, akapiga magoti kando ya Fundi. Alipomaliza akanawa, akaondoka.

Tulimbeba Fundi kwenye machela ya miti mpaka barabarani, na gari la shamba la chai likatufikisha hospitali ya Iringa. Daktari alimalizia kuukata ule mkono. Yule kaka naye alipona, akahukumiwa, akafungwa huko huko Iringa. Mke alichukua mtoto wake akarudi kwa wazazi wake, akawaacha wanaume wote wawili, na kwa maoni yangu alifanya vizuri. Mpasua Mbao tulirudi naye Mbeya. Akapata kazi ya mbao upande wa Uyole.

Fundi alikuwa bado amelala wodini, kidonda kimekataa kupona, aliponiuliza, "Nani amekwenda kumtazama?"

"Kumtazama nani?"

"Kaka yake. Amefungwa. Ana nani huku?"

Koplo alikuwepo, bega limefungwa kwa kitambaa. Alisimama, kiti kikaanguka.

"Fundi, ulikatwa mkono au ulikatwa akili?"

"Ni mfungwa, Koplo. Sisi kazi yetu ni nini?"

"Kazi yetu si kulisha nyoka! Mimi nilimwacha hai kwa sababu huyu dada alinivunja bega. Kumpelekea tumbaku, sitaki. Nikikutana naye nitamalizia."

"Basi usije," alisema Fundi, akageukia ukutani.

Koplo akaondoka. Alipita mbele yangu bila kuniaga. Hatukumwona kwa muda mrefu.

Kwa hiyo tulikwenda mimi na Mpasua Mbao, na mimi sikwenda kwa moyo mweupe. Nilimchukia yule mtu. Njiani nilikuwa naitazama ile sabuni ndani ya kikapu nikitamani ingekuwa sumu. Tulimkuta nyuma ya wavu, kichwa kimenyolewa, mdomo umeingia ndani kwa kukosa meno ya mbele. Alitutazama.

"Mmekuja kucheka."

"Tumekuja kukutazama, kaka," alisema Mpasua Mbao.

"Umekwisha kunitazama. Nenda."

"Nimeleta tumbaku."

Yule mtu alirudi nyuma hatua kadhaa, halafu akauendea ule wavu kwa kichwa. Akaupiga, akaupiga tena, paji la uso likapasuka, damu ikamwingia machoni, naye anapiga kelele, "Ulikuwa wapi? Ulikuwa wapi wewe?" mpaka askari wakamkamata wakamvuta ndani. Mpasua Mbao aliiacha tumbaku kwa askari. Tulipofika nje alikaa chini barabarani, mtu wa mabega yale, akalia kwa sauti, wapita njia wakatukwepa.

Mara ya pili yule kaka hakutoka kabisa. Baadaye alitoka akakaa kimya. Tulisikia kwamba alipigana na wafungwa wenzake, akachapwa viboko. Sisi tuliendelea kwenda. Nikikuambia nilimsamehe nitakuwa muongo. Nilikwenda kwa sababu Fundi alikuwa akiuliza.

Na Fundi alikuwa na shida yake. Cherehani ya mkono inataka mikono miwili, mmoja wa kuzungusha gurudumu, mmoja wa kuongoza kitambaa. Alikuwa amebaki na wa kushoto. Mkewe alimzungushia, nami nilimzungushia, lakini tulikuwa na kazi zetu, na wateja wakaanza kwenda kwa wengine. Asubuhi moja nimebeba chai kupeleka barazani, nikamkuta Koplo amekaa kwenye kigoda, magoti yamefika masikioni, anazungusha gurudumu. Fundi alikuwa anaongoza pindo la suruali kwa mkono mmoja, amekunja midomo.

"Polepole," alisema. "Hii si vita."

Koplo akapunguza mwendo. Aliniona, akanyanyua lile bega lililoharibika. "Baridi ikija, dada, linauma. Nakukumbuka."

"Nikumbuke tu," nilimjibu.

Siku ya kutoka yule kaka ilipofika, Fundi alisema atakwenda mwenyewe Iringa. Mpasua Mbao alibaki, yeye na Fundi walikubaliana hivyo. Koplo alibaki pia, kwa hiari yake. Nilikwenda mimi, nikiwa na birika, na Fundi akiwa na shati alilolishona, mishono yake imepinda kidogo.

Yule mtu alitoka akatuona. Nilidhani atapita. Akaja, akasimama, akautazama mkono wa koti la Fundi uliokunjwa na kubanwa kwa pini.

"Unauma?" aliuliza.

"Wakati wa mvua," alisema Fundi. "Vaa shati, kuna upepo."

Akalivaa. Uji hakuunywa. Fundi alimwambia kwamba mdogo wake hataki shamba, amemwachia, na kwamba akitaka kukaa mjini kwanza, mkeka upo. Yule mtu akatikisa kichwa, akasema atakwenda kwao. Basi tukatembea watatu hadi kwenye basi la Mbeya. Fundi na mimi tulikaa mbele. Yeye alipita akakaa kiti cha nyuma yetu, ingawa nafasi nyingine zilikuwapo. Fundi alilala, kichwa kikigonga dirisha. Mimi sikulala. Toka Iringa mpaka Nyololo nilikuwa nasikia pumzi ya yule mtu juu ya shingo yangu, na njia nzima niliogopa.

Tulipofika Nyololo akasimama. Aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti chetu ili ajishike basi lilipokuwa linasimama, karibu kabisa na bega la Fundi, kisha akaushusha, akateremka. Nilimwona kupitia kioo akishika njia ya milimani, shati jipya limejaa upepo.

"Ameshuka?" Fundi aliuliza, macho yamefumba.

"Ameshuka."

"Ameaga?"

"Hapana."

"Haya," alisema Fundi, akalala tena.